Mtoto wa Kumi wa Mukai

Saa sita mchana, kule Mashimoni, Mukai alilaza watoto tisa kwenye godoro, akahesabu vichwa, vikawa tisa, na bado mkono wake wa kushoto ulikuwa umeshika mtu.

Alitazama. Hakuna kitu. Mkono umejikunja vile unavyojikunja chini ya matako ya mtoto, nyonga imetokezwa nje, uzito uko palepale. Akaunyoosha mkono. Uzito haukuanguka.

"Ni uzee tu," alisema, akaenda kukoroga uji.

Mukai hakuwa mtu wa kuona vitu. Alitoka Kitui miaka ishirini na mbili iliyopita na binti mchanga, na tangu hapo alikuwa analea watoto wa kina mama wanaoenda kazini, mmoja kila mara nyongani, upande wa kushoto, kwa sababu mkono wa kulia ni wa kushika mwiko. Watu humwambia mwanamke kama huyo ana roho nzuri. Roho nzuri wapi! Ilikuwa kazi, na watoto wengine wana vichwa vizito kama mawe ya kusagia.

Lakini huyu wa kumi hakuchukuliwa na mtu. Jioni kina mama walikuja, kila mmoja akabeba wake, na yeye akabaki. Mukai akaanza kusikia pumzi fupi shingoni, yenye harufu ya maziwa yaliyolala chupani. Akikaa, kile kitu kinampiga kwa visigino. Akisimama, kinatulia. Basi akawa mtu wa kutembea, mlangoni hadi jikoni, jikoni hadi mlangoni, mpaka maumivu yakaingia kwenye kinena, yakashuka pajani hadi gotini, na kuvaa kiatu cha mguu ule ikawa kazi ya nusu saa.

"Mathe, si ukae chini," binti yake Kasyoka alinong'ona. "Unazunguka ka kuku inatafuta pa kutaga."

"Nikikaa hakinyamazi."

"Nini hainyamazi?"

"Mguu," Mukai alidanganya.

Kasyoka akampeleka kliniki Kawangware, kwa fizio mmoja, mtu wa kunyoosha viungo, aitwaye Wabwire, mtu wa mikono mikubwa na maneno machache. Alimwambia atembee. Alimwambia asimame kwa mguu mmoja. Kisha akamlaza, akaukunja mguu wa kushoto na kuuzungusha kwa ndani, na Mukai akamwita jina lisiloandikwa.

"Ni kiungo chenyewe," Wabwire alisema. "Ingekuwa msuli, ungeumia huku nje. Wewe unaumia kinena. Twende kwa picha."

Picha ilipigwa mara tatu. Mwanamke wa eksirei alitoka kila mara amenuna zaidi.

"Mama, si nilikwambia umweke mtoto chini?"

"Mtoto gani?"

Wabwire aliinua picha dirishani. Kichwa cha mfupa wa paja kilikuwa kinasuguana na kikombe chake, ule utelezi wa katikati umekwisha. Na juu ya ukingo wa nyonga palikuwa na mistari mitano myeupe, myembamba, iliyojikunja kama vidole vilivyoshika. Akairudisha picha kwenye bahasha.

"Tujaribu bila kisu kwanza," alisema polepole. "Mazoezi asubuhi na jioni. Mkongojo ushike na mkono wa kulia, si wa kushoto. Dawa ya maumivu baada ya chakula. Na huyo... usimbebe tena."

"Nitamshusha vipi, na hakupandishwa na mtu?"

Wabwire akamwandikia tarehe ya kurudi. Hilo hawafundishwi chuoni.

Alijaribu, mtu asiseme hakujaribu. Alilala chali akainua kiuno mara kumi, akalala ubavu akainua mguu mara kumi, na misuli ikakaza kweli, lakini kila alivyopata nguvu ndivyo kile kitu kilivyokua, kikaota magoti, kikaota nywele zilizomwasha shingoni, kikaanza kuimba mchana watoto wakiwa wamelala, wimbo wa kubembeleza wa Kikamba, kwa sauti ya Mukai mwenyewe ilhali mdomo wake umefungwa, na wale tisa wakageuza vichwa kumwelekea, wote kwa pamoja, macho yamefumbwa.

Jirani yake Mnubi, aliyekuja kuazima kiberiti, aliganda mlangoni.

"Mama Kasyoka," alinong'ona, "hilo ni jini. Haliogopi kitu ila chuma."

"Nimeshalala na kisu, nimeshalala na panga."

"Si pembeni yako. Pale linapokaa."

Miezi minne ikapita, na Wabwire akakubali kwamba mazoezi yamefika mwisho. "Daktari atakata kichwa cha mfupa kilichoharibika, aweke kingine. Shina lake la chuma linaingia ndani ya paja."

"Chuma kweli?"

"Kweli, Mama."

"Basi akate."

Foleni ilipomfikia alikatwa, akarudi nyumbani baada ya wiki moja kwa magongo mawili, na makatazo tele: asikae kwenye kigoda, asikunje nne, asiiname. Nyonga ilikuwa nyepesi. Shingoni hakuna pumzi. Njiani kutoka barabarani alikuwa karibu kucheka.

Kasyoka alikuwa jikoni, na watoto wamelala. Mkono wa kulia ulikuwa unakoroga uji. Wa kushoto ulikuwa umejikunja, nyonga imetokezwa nje.

"Mathe, karibu nyumbani. Hawa watoto wamenimaliza," alisema. "Hapa kwa kinena panauma vibaya."

"Umebeba nani?"

Kasyoka alijitazama. Akajaribu kuunyoosha mkono, ukakataa, na uso ukamwishia damu. "Mathe... ni nini hii?"

Mukai angeweza kunyamaza. Chuma chake kilikuwa kimetulia, na mwili ukipumzika hauna haya. Aliegemeza gongo moja ukutani, akaitokeza nyonga ya kulia, ile ya mfupa.

"Kuja hapa, wewe," alisema. "Huyo bado hata hajazaa."

Kilimrukia kama mtoto aliyekusubiri tangu asubuhi. Mkono wa Kasyoka ukaanguka.

"Koroga uji," Mukai alisema, "unaungua."

Kesho yake alimpigia Wabwire simu, kuuliza foleni ya nyonga ya kulia.

"Ni miezi saba." Wabwire alishusha sauti. "Na ukishaweka chuma pande zote mbili, Mama, kitaenda wapi?"

Mukai alimtazama Kasyoka, aliyekuwa mlangoni akiwavua watoto viatu.

"Bado nina mgongo," alisema, akakata simu.