Mguu wa Klachi

Mama alikuwa anakamua ovaroli ya mumewe, ile isiyotakata hata uimalizie kipande kizima cha sabuni, wifi yake alipoingia uani bila hodi. Akasema lori limemponyoka kaka yake kule gereji. Kisha, kwa kuona uso wa mwenzake, akaongeza haraka kwamba ni mzima, hana hata mkwaruzo, yuko njiani.

"Sasa si ungeanza na hilo," Mama akasema, akaendelea kukamua.

Lori lenyewe lilikuwa kuukuu, la jeshi, na injini yake ilikufa zamani. Tajiri mmoja wa matofali alilinunua, akamwambia mume wa Mama, fundi wa gereji ile: lifufue, utaliendesha wewe. Fundi akashusha injini pamoja na gia zake za mkono, akapachika injini ya basi na gia za otomatiki. Otomatiki aliitaka yeye. Tangu gari lilipoteleza kwenye jeki likamponda goti, mguu wake wa kushoto ulikuwa gogo, haukunjiki, na asiyeweza kukanyaga klachi nani atampa usukani?

Pedali ya klachi ikabaki haina kazi. Mafundi wana mwiko wao: chuma cha gari alilofia mtu hakiendi nyumbani. Na askari aliyekuwa akiliendesha lile lori alifia ndani, mguu wa kushoto umeganda juu ya klachi. Walisema ilibidi wauvunje ndipo wamtoe. Fundi aliyajua hayo. Lakini mlango wa jikoni ulikuwa ukibamiza kutwa, mkewe amelalamika mpaka amechoka, basi akamletea ile pedali auzuilie. Mama akaipokea. Mwenye nyumba ya kuendesha hana muda wa kukiuliza chuma ukoo wake.

Wifi akaeleza kilichotokea. Waya wa mafuta ulinasa, lori likanguruma, likaenda. Breki hazikulishinda. Mbele kulikuwa na muuza chai, nyuma yake ukuta. Kaka yake akakanyaga klachi, nguvu ikakatika, lori likasimama shubiri moja tu kutoka kwenye vikombe.

Mama akaacha kukamua.

"Klachi ipi?"

Wifi akatazama mlango wa jikoni.

Mama alimjua mumewe kwa hatua: moja nzito, moja ya kuburuta. Aliyeingia uani jioni ile hakuburuta. Alivua viatu, akachuchumaa, akaosha miguu, goti la kushoto limekunjika kama la kijana. Watoto wakamshangilia. Yeye hakucheka.

Walipokwenda kunawa, Mama aliinama kuiokota pedali. Raba yake ilikuwa na joto. Joto la mtu.

"Iache," mumewe akanong'ona.

"Naipeleka jalalani."

"Ukiitupa, yule askari anaondoka na mguu wake. Na kesho natakiwa niendeshe."

Mama alitaka kumgombeza. Maneno alikuwa nayo. Lakini alikuwa amechoka, ule uchovu usioisha kwa kulala, na miaka yote hii mzigo wa mguu ule alikuwa ameubeba yeye. Akairudisha chini.

Akawasha taa, akapakua. Akahesabu kama kila siku: mume, wifi, mkubwa, mdogo, na yeye mwenyewe. Wote wapo.

Chini ya meza, mguu wa kushoto ulishuka. Ukapanda. Ukashuka. Fundi alikuwa ametazama sahani yake.

Ndipo Mama alipoziona nyayo za maji, kutoka mlangoni hadi kwenye kiti cha mumewe. Za kulia zilikuwa za mguu mtupu, vidole vitano. Za kushoto zilikuwa za buti.

Akachukua tambara, akapiga magoti, akafuta. Za kulia zikatoka. Akasugua za kushoto. Akasugua tena.

Kisha akanawa mikono, akaketi.

"Kuleni," akasema. "Kinapoa."