Wakili Niliyeletewa na Shemeji

Nina miaka arobaini na mmoja, nauza mitumba hapa Kabati, na nalea watoto wawili peke yangu. Wengi sokoni wanajua mimi ni mjane. Wasichojua ni kwamba sikumzika mume wangu...

Mutuku aliugua ghafla akafa. Hatukuwa na harusi ya kanisani, lakini alileta mbuzi wa ntheo kwa baba yangu, wazee wakala, na kwetu Wakamba hiyo ni ndoa. Nililala na amani hiyo miaka yote.

Ndugu zake walitoka kwao Kikima wakaja kabla sijamaliza kulia. Kaka yao mkubwa alisema sina cheti, kwa hivyo mimi si mke. Mwili utazikwa kwao, na mimi na watoto tusikanyage huko.

Ni Kioko tu, mdogo wa marehemu, aliyebaki. Alimpakata mtoto wangu mdogo, akamfuta kamasi.

"Shemeji, mimi niko upande wako," akasema. "Kuna wakili namjua hapo Kitui. Atasimamisha haya mazishi."

Ningemkataaje?

Huyo wakili alikuwa na suti na sauti ya upole. Tuliongea hotelini, kwa sababu alisema ofisi yake inapakwa rangi. Nilimweleza yote, hata majina ya wazee walioshuhudia ntheo. Baadaye akanipigia simu.

"Mama, tulia. Korti imesimamisha mazishi. Usiende mochari, utaharibu kesi."

Nikatulia. Nilipika, nikala, nikamshukuru Mungu...

Asubuhi moja mama tunayeuza naye, mzaliwa wa Kikima, alinipigia akiuliza mbona sionekani mazishini. Sijui hata nilivaa nini. Nilifika nikakuta wanaume wanasawazisha udongo. Kioko alikuwa mmoja wao, na jembe mkononi. Aliniona, akainamisha kichwa, akaendelea.

Kortini karani alitafuta, akaniambia kwa huruma kwamba hakuna kesi kama hiyo. Wakili wa jina hilo hakumjua. Simu yake haijawahi kuingia tena. Na wale wazee niliowataja? Walikuwa wametembelewa tayari na ndugu za Mutuku. Mmoja hunikwepa hadi leo.

Mwishowe nilielekezwa kwa wakili wa kweli, mama mmoja kule Wote anayesaidia wasiojiweza. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Ungekuja kwangu mapema," akasema, "hiyo ntheo ingetosha kuwasimamisha."

Aliniuliza kama nataka tuombe korti mwili ufukuliwe. Nilikataa. Nilifikiria Mutuku akitolewa udongoni watu wakitazama, nikashindwa. Sasa wakili huyo anapigania nyumba ya watoto, ambayo baba zao wakubwa na wadogo wanaitaka. Kesi bado inaendelea. Mtoto mdogo huniuliza baba amelala wapi, nami sina ruhusa ya kumpeleka.

Dada yangu uliyeolewa kwa ntheo kama mimi, nakuomba. Ukifiwa, usikubali kuletewa wakili na watu mnaogombana nao, hata yule anayekubebea mtoto. Nenda ofisini kwa wakili mwenyewe. Uliza kortini kama amesajiliwa, na kama kesi yako iko pale kweli. Uliza mwenyewe, hata kama macho yamevimba. Utalia baadaye. Mimi nilingoja nyumbani nikiamini sauti ya simu, na hakuna jaji anayeweza kunirudishia siku ile.