Kwenye Simu ya Chaki

Siku chuo kilipotangaza kwamba foleni zimefutwa, ndipo foleni ilipokuwa ndefu kuliko zote. Usajili, vyumba vya bweni, matokeo, ratiba ya mitihani, kila kitu kilikuwa kimehamishiwa kwenye mfumo mmoja wa mtandaoni, na mtandao wenyewe ulishika vizuri mahali pamoja tu chuoni, kwenye ukumbi ule ule wa zamani wa usajili. Basi wanafunzi wakajazana humo, simu juu, shingo juu, jasho likiwatiririka.

Katikati ya msongamano alisimama msichana mwenye kilemba cha rangi ya chungwa na gauni la kijani lililopigwa pasi likakubali, akiitazama simu yake ikizima.

"Usife sasa, tafadhali," akaiambia.

"Imeshakufa hiyo. Pole kwa msiba."

Akageuka. Kijana mrefu wa shati jeupe, mikono ya shati imejaa vumbi la chaki, alikuwa ameketi sakafuni kando ya soketi pekee ya ukumbi, amejimilikisha.

"Unacheka shida za watu?"

"Nacheka huku nakupa simu yangu. Ingia, jisajili, unirudishie. Ukikimbia nayo nitakutambua kwa kilemba."

Akacheka bila kupenda. Kumbe wote wawili walikuwa wanasomea ualimu wa hesabu. Msichana akamwita kijana Chaki, naye akaitwa Kilemba, na majina hayo yakawaganda. Simu ya Kilemba ilikuwa haikai na chaji, kwa hiyo tangu siku hiyo aliingia kwenye mfumo kwa simu ya Chaki. Walitazama matokeo pamoja, vichwa vimegusana juu ya kioo kimoja, na sidhani kama kuna wanafunzi walioupenda mfumo ule kama wao.

"Mpenzi, ratiba imetoka," Chaki alikuwa akipiga simu asubuhi.

"Si unisomee tu."

"Bila wewe haisomeki vizuri. Njoo."

Ukafika wakati wa kuchagua shule za mazoezi ya kufundisha. Kilemba alikuwa na shule moja tu moyoni, ile iliyotazamana na nyumba yao. Mama yake, fundi cherehani, alikuwa amefanyiwa upasuaji wa mguu, na hakuwa na mwingine wa kumshika mkono hata kwenda bafuni.

"Twende wote kule milimani," Chaki akatania, wameketi kwenye benchi nje ya maktaba. "Tukafundishe hesabu tumevaa masweta."

"Na mama yangu nimwachie nani, wewe mtu?"

"Natania, malkia."

Kilemba akachagua shule yake, akamrudishia simu, akakimbilia kipindi.

Majibu yalipotoka, alikuwa amepangiwa milimani. Moto ukamwaka. Akapiga simu pale pale.

"Umenibadilishia shule, Chaki!"

"Mimi? Hebu subiri..."

"Ulisema twende wote. Kumbe hukuwa unatania! Unanipangia maisha? Mama yangu hawezi hata kusimama!"

"Mpenzi, nisikilize..."

Akakata. Akamzuia asiweze kumpigia tena, akabadilisha neno lake la siri, kisha akalia mpaka macho yakavimba. Alikuwa amempenda yule kijana kupita kiasi, na hilo ndilo lililomuuma kuliko shule yenyewe.

Kesho yake akaenda ofisini. Mama wa usajili, ambaye zamani alitetemesha chuo kizima kwa mhuri wake, akainua mabega.

"Mwanangu, enzi za mhuri ningekuhurumia papo hapo. Siku hizi natazama tu kama wewe. Njia ni moja, aliyepangiwa shule unayoitaka akubali mbadilishane. Mwisho leo jioni."

"Ni nani huyo?"

"Mfumo haunionyeshi."

Akashika njia ya nyumbani kwenda kumwambia mama. Kabla hajafika mlangoni akasikia mama anacheka.

Chaki alikuwa ameketi mbele ya cherehani, amekunja mikono ya shati.

"Tuna mgeni," mama akasema, mguu wake juu ya kigoda. "Mwalimu mpya wa shule ya hapo mbele. Anatunga uzi kwenye sindano kukushinda wewe."

"Umefuata nini hapa?" Kilemba akauliza.

"Nimeleta nafasi yako. Ninayo mimi." Chaki akasimama. "Siku ile uliniachia simu hujatoka kwenye akaunti yako. Nami nikachagua shule yangu ya milimani bila kutazama. Kumbe nimo ndani kwako! Nikafuta yako, nikaweka yangu, na kwangu pakabaki patupu. Asiyechagua, mfumo unamtupa panapobaki. Umenitupa hapa, mlangoni kwenu. Nikikupigia, umenizuia."

"Kwa hiyo hukukusudia..."

"Kukutaka nakutaka, hilo sikatai. Lakini si kwa wizi."

Kilemba akajisikia aibu na furaha kwa pamoja.

"Mtabembelezana baadaye," mama akasema. "Jioni ndiyo hii. Bonyezeni!"

Simu ya Kilemba, kama kawaida yake, ilikuwa imezima. Chaki akatoa yake.

"Nimetoka kwangu. Umeona? Nimetoka kabisa." Akageukia ukutani.

Mama hakugeuka popote. Alivaa miwani, akafuata vidole vya bintiye.

"Cha... ki... wa... ngu," akasoma kwa sauti. "Hilo ndilo neno lako la siri?"

"Mama!"

Chaki akageuka. "Hilo si la zamani. Umeliweka lini?"

"Siku niliyokuzuia," Kilemba akasema, uso ameuficha kwa ncha ya kilemba. "Nilikuwa na hasira. Vidole vikaandika vyenyewe."

Akathibitisha. Chaki naye akaingia kwake, akathibitisha. Yeye milimani, Kilemba nyumbani.

"Nikirudi nataka kukuoa," Chaki akasema. "Nasema mbele ya mama, usije ukadai nimekuchagulia. Chagua mwenyewe."

"Nilishachagua tangu pale kwenye soketi," Kilemba akasema. Akaichukua tena ile simu. "Lete, nimwandikie rafiki yangu wa bweni kwamba nimebaki. Humo humo kwenye mfumo."

Akaingia, akaandika, akanyoosha mkono kuirudisha.

"Wewe!" mama akafoka. "Toka kwanza kwenye akaunti yako!"

Wakacheka wote watatu. Kilemba akatoka kwenye akaunti, akamrudishia Chaki simu yake, na mkono wake akauacha humo humo kiganjani mwake.