Nyuzi Ishirini na Moja

Felicia wa Dancille alikuwa na miaka saba, na tangu ajue kusema hakuwahi kumjibu mama yake kwa Kiswahili. Mama anauliza kwa Kiswahili, mtoto anajibu kwa Kiswidi, maisha yanaendelea. Ndivyo walivyo watoto wa mtaa wa Bredäng, huku ughaibuni, usiwalaumu. Basi Alhamisi moja ya Januari, saa tisa alasiri na giza limeshaanza kutanda, Dancille alimuuliza kama atakunywa chai. Mtoto akajibu kwa Kiswahili, bila kugeuza uso kutoka dirishani:

"Niwekee tangawizi, mwanangu. Kifua kinanibana."

Dancille akacheka, akidhani kaigiza kitu cha kwenye simu. Lakini sauti ilikuwa na mkwaruzo wa kizee, na chumbani kulinukia ubani, ilhali nyumba ile haijawahi kufukizwa chochote. Alipomshika mkono amsogeze mezani, ulikuwa baridi kama samaki wa friji.

Jumamosi wakaenda hospitali. Daktari akapima, akasema damu safi, mapafu safi, mvalishe nguo nzito. Jumapili mtoto hakuweza kusimama. Vipasha joto vya ukutani vilikuwa vinaunguza kiganja, mablanketi matatu yalikuwa juu yake, na bado midomo yake ilikuwa ya bluu.

Sasa nikwambie kazi ya huyu Dancille. Alikuwa afisa wa nyumba katika kampuni moja ya kupangisha huko Fittja. Bomba likivuja, anaitwa yeye. Majirani wakigombana, anaitwa yeye. Mzee akikwama juu lifti imekufa, ni yeye. Kazi ya heshima hiyo, na miaka ya mwanzo aliifanya kwa moyo, wapangaji wakamwita mwenzetu.

Mmoja wa wapangaji hao alikuwa Bibi Asteria, mjane wa Bagamoyo, ghorofa ya sita, aliyefukiza ubani kila Ijumaa mpaka majirani wakalalamikia moshi. Desemba bibi alipiga simu mara nne: nyumba ni baridi, hapati usingizi. Utaratibu unajulikana. Afisa anakwenda na kipimajoto, anavua viatu mlangoni kama desturi ya nchi, anaingia mpaka katikati ya chumba cha kulala, anapima, anaandika.

Dancille alikwenda, hilo tusimdhulumu. Ila alikuwa na buti za kamba mpaka magotini, zimejaa theluji, na wapangaji sita wengine wanamngoja. Jamani, uvivu wa kufungua kamba! Akasimama kwenye ngazi, akanyoosha kipimajoto mlangoni, pale linapopita joto la korido. Nyuzi ishirini na moja.

"Vua viatu uingie, mwanangu," bibi akamsihi. "Ninakolala ni huku ndani."

"Inatosha, bibi. Joto lipo."

Akaandika, akalifunga lalamiko. Baada ya wiki mbili Bibi Asteria alikutwa kitandani amekufa, amevaa makoti mawili. Dancille akajiambia ni uzee. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu.

Jumapili ile ile, Mkatoliki huyu akampigia Sheikh Mohamed, fundi wa mabasi anayesomea wagonjwa siku za mapumziko. Sheikh akaja, akakaa kichwani pa mtoto, akaanza kusoma. Harufu ya ubani ikazidi mpaka macho yakawasha.

"Soma polepole, sheikh, usijichoshe," Felicia akasema kwa ile sauti ya kizee. "Nimeazima sauti ya Asteria. Yeye mwenyewe walishamnyamazisha."

Jasho likamtoka sheikh. Akamsogelea Dancille, akanong'ona, "Dada, hili jini nalikemea haliondoki. Linajiona lina haki. Mlimfanya nini mtu wake?"

Dancille akaeleza, macho chini, maneno yakimtoka kwa shida.

"Nilikaa na bibi yake Asteria, nikakaa na mama yake, nikavuka naye bahari mpaka kwenye theluji hii," jini likasema. "Usiku alitetemeka nami namwona, na sina mikono ya kumfunika. Unajua uchungu wa kumtazama mtu wako anapoa, huna la kufanya? Sasa unajua. Andika ukweli."

Dancille akafungua kompyuta ya kazi. Akaandika: *Sikuingia ndani. Sikupima chumba. Niliandika uongo, na Bibi Asteria amekufa kwa baridi.* Akayatuma kwa ofisi nzima, akijua kibarua kimeota nyasi. Akarudi mbio kitandani. Vidole vya Felicia vilikuwa vimepata joto. Kiwiko bado barafu.

"Umelipa vidole," jini likasema. "Nani alikufundisha kupimia mlangoni?"

Alikuwapo aliyemfundisha. Isak, mkuu wake, wiki ya kwanza kabisa kazini: simama ngazini, utamaliza majengo mawili kwa siku, nataka malalamiko yote yafungwe kabla ya Ijumaa.

"Usimjibu!" Sheikh akamshika bega, ananong'ona kwa hofu. "Kumtaja mtu ni kumkabidhi kwa jini. Mwenye kosa ashtakiwe serikalini, si hivi!"

Lakini Dancille alikuwa anahesabu pumzi za mwanawe, moja, kisha kimya kirefu, kisha nyingine iliyopanda kwa kukokotwa kama ndoo kisimani, kisha kimya kirefu zaidi ya kile cha kwanza, na ndani ya kimya hicho akamwona Isak na kahawa yake akicheka, akasikia chuki imemjaa mpaka kooni, chuki tamu, akasema:

"Isak."

"Anakaa wapi?"

"Tumba. Nyumba ya njano, ya kwanza ukishuka kituoni."

Joto likapanda mpaka begani. Sheikh akakusanya vitu vyake, machozi yanamtoka, akatoka bila kuaga.

"Ana watoto?" jini likauliza, taratibu, kama mgeni anayepiga soga.

Dancille akazikumbuka sura mbili zenye mapengo ya meno, kwenye picha mezani kwa mkuu wake. Pumzi ya Felicia ikakwama.

"Wawili."

"Nitajie mdogo."

Dancille akamkumbatia mwanawe kwa nguvu zote.

"Emilia," akasema, na paji la uso la Felicia likaanza kutoka jasho.