Hapa Hapasimamwi, Joniel

"Usisimame hapo. Tembea."

"Nashaly, ni mimi."

"Nimekuona. Tembea."

"Nina neno moja tu nikuambie kabla mama hajafika."

"Hapa hapasimamwi, Joniel. Hata awe gavana. Sogeza miguu."

Akasogea, maana nyuma yake kulikuwa na kigari cha mapacha kikisukumwa na baba mwenye sura ya mtu aliyelipia maegesho akajuta. Umati ukamzoa mchumba wangu, ukapita naye na neno lake mdomoni.

Najua mshaanza kumwonea huruma. Subirini.

Kazi yangu ni kupanga watu usiku wa fataki katika bustani moja ya michezo hapa Orlando. Mbele ya kasri tunabandika utepe chini, na katikati ya utepe ni njia, na njia ni ya kupita. Nashika vijiti viwili vya taa nyekundu, nasema "tembea, tembea" mpaka usingizini. Nje ya utepe watu wamekaa juu ya mablanketi tangu jua likiwaka, kila mmoja analinda kipande chake kama kiwanja cha urithi. Fataki ikilia ya kwanza tu, yule mrefu kuliko wote anampandisha mtoto mabegani, na walio nyuma yake wanaanza kutukanana kwa lugha sita.

Sasa mapema jioni ile, kabla Joniel hajatokea, nikiwa kwenye mapumziko, nakula mkate wangu, Joniel akanitumia ujumbe: "Mpenzi, mama anakuja na wageni wetu kutoka nyumbani Bayamón, watu kumi na mmoja. Uwaweke pale mbele penye kamba. Nakupenda."

Nikamjibu: "Pale ni pa watu wa viti vya magurudumu. Na unajua nina onyo kwa ajili ya binamu yako niliyempitisha mwaka mpya. Nikipata la pili nafukuzwa. Mwambie mama haiwezekani."

"Sawa mpenzi, nitamwambia."

Nikamaliza mkate wangu kwa amani. Mjinga mimi.

Joniel alikuwa hajarudi kutoka alikopelekwa na umati nilipomwona mama yake, Doña Migdalia, anakuja. Nywele zimetoka saluni, kipepeo cha kujipepea mkononi, wageni nyuma yake wamejipanga kama bata.

"Baraka, Doña," nikamwambia. Sisi Wapuerto Riko hata ugomvi hauanzi kabla mkubwa hajakubariki.

"Mungu akubariki, binti yangu. Haya, fungua kamba."

"Siwezi, Doña."

"Huwezi vipi, na wewe ndiye uliyetualika?"

"Mimi?"

Akatoa simu, akaishika mbali na macho, akasoma kwa sauti ya kanisani: "'Mama, Nashaly anasema njoo na wageni wote, yeye ndiye mkubwa pale, atawaweka mbele mpaka mrudi na masizi ya fataki puani.' Nashaly gani huyu, kama si wewe?"



"Doña, sikusema hivyo."

"Kwa hiyo mwanangu mwongo?"

 Wageni kumi na mmoja wakanitazama kama niliyewaibia mizigo.

"Nilimwambia Joniel tangu Krismasi," akaendelea, sasa anawaambia wageni, si mimi. "Msichana anayeishi kwa kupungia watu vijiti, ipo siku atakupungia na wewe."

Krismasi ile nilikuwepo. Alilisema hilo hilo mezani, nimeshika sahani ya nguruwe, na Joniel akacheka. Alicheka, jamani. Nikameza, nikajiambia ni utani wa wakwe.

Hapo Joniel akatokea, kamaliza mzunguko wa kwanza. Ile njia inashuka mpaka kwenye sanamu, inageuka kwenye maduka, inarudi kwangu.

"Joniel," nikamwambia, "mwambie mama yako nani alisema nitawaweka mbele."

Akamtazama mama yake. Akanitazama mimi. Kisha akalitazama kasri kama ndiyo kwanza linajengwa.

"Mpenzi, tuongee baadaye."

Nilihamishia vijiti vyote mkono mmoja, nikavua pete, nikaitia mfuko wa shati, nikafunga kifungo.

"Nashaly, usifanye hivyo."

"Unazuia watu. Tembea."

Akaenda. Wageni nikawaelekeza nyuma, wakatawanyika. Doña Migdalia akakataa kurudi nyuma hata hatua moja. Bibi mmoja kutoka Tennessee, aliyekaa kwenye kigoda chake cha kukunja pembeni ya utepe, akamsogezea nafasi.

"Simama hapa, mama. Miguu yote miwili nje ya utepe, huyu mtoto asije akafukuzwa kazi."

Basi mama mkwe akasimama nusu mita kutoka kwangu, hatutazamani, kipepeo kinafanya kazi kama injini.

Mzunguko wa pili.

"Nashaly, niliogopa kumuudhi."

"Kwa hiyo ukaona niudhike mimi. Tembea."

Jamaa mmoja wa Ohio, kakaa na wanawe watatu kwenye blanketi, akanyanyua kichwa. "Dada, huyu kakufanya nini?"

Nikamweleza, macho kwenye njia, vijiti vikipunga. Sikumtaja mama, na sikupunguza sauti. Blanketi la nyuma likauliza la mbele, la mbele likasimulia la nyuma. Watu walikuwa wamekaa pale saa nzima nzima bila burudani, simu zimeisha chaji. Mimi na Joniel tukawa ndiyo burudani.

"Mume wangu wa kwanza alikuwa hivyo hivyo," bibi akasema. "Mpole nyumbani, bubu mbele ya mamake."

"Yuko wapi sasa?" akauliza yule wa Ohio.

"Sijui. Wala simtafuti."

Kipepeo cha Doña Migdalia kikasimama kidogo, kikaendelea.

Mzunguko wa tatu.

"Nilidhani ukiwaona wamefika utawaonea huruma, utafungua tu."

Kabla sijajibu, bibi akadakia. "Sababu hiyo si nzuri, mwanangu. Zunguka tena, utuletee nyingine."

Watu wakapiga makofi. Redio ya begani ikakoroma. Ni msimamizi wangu, Loretta.

"Nashaly, mbona huko kwako wanapiga makofi na fataki bado?"

"Wana furaha, bosi. Njia inakwenda vizuri."

"Hakuna aliyesimama?"

"Hakuna. Hata anayetamani."

Taa zikazimwa. Umati mzima ukanyanyuka kwa pamoja, mablanketi yakakanyagwa, wa Ohio akamweka mwanawe mdogo mabegani na nyuma yake mtu akaanza kulaani ukoo wake. Fataki ya kwanza ikapasuka, nyekundu. Watu wakasukuma, nikasukumwa, nikapanua mikono nikashikilia njia yangu. Katika mwanga ule nikamwona Joniel anakuja, kabanwa kati ya vigari viwili, mdomo unachezacheza.

"Sikusikii," nikamwambia.

Akasema tena. Mbingu ikalia tena.

"Sikusikii, Joniel."

Akapita. Hakulaumu mtu, akaenda kuzunguka tena, na kuzunguka gizani na watu wote wale si mchezo. Alipotokea tena shati limetoka nje ya suruali, jasho linamtiririka. Safari hii hakunigeukia mimi. Alimgeukia mama yake, akavuta pumzi, akapaza sauti kushinda muziki.

Ila pale, kabla ya mwisho, kuna mahali muziki unakatwa na mbingu inanyamaza ili watu wadhani fataki zimekwisha. Joniel alikuwa keshaanza.

"MAMA, NILIDANGANYA. NASHALY ALIKATAA, NIKAKUAMBIA AMEKUBALI. NA KRISMASI NILICHEKA NIKIJUA UNAMDHARAU."

Walisikia mpaka wauza puto. Mtu nyuma akasema, "Hatimaye." Kisha mbingu yote ikapasuka, na umati wake ukambeba akapotea tena.

Doña Migdalia hakutazama fataki za mwisho. Alikuwa anatazama viatu vyake. Zilipokwisha, moshi unatushukia, akanigusa kiwiko.

"Nimekutukana mbele ya watu, binti yangu."

"Ndiyo, Doña."

"Na mezani pia."

"Na mezani pia."

"Nimekosa. Mara zote mbili." Akavitazama vijiti vyangu. "Kazi hii ningeifanya mimi, ningekwishampiga mtu na kile kijiti."

Nikataka kucheka, nikajizuia. Sikuwa nimefika huko.

Sasa fataki zikiisha ndipo kazi inapoanza, maana watu wote wanataka kutoka mlango mmoja kwa wakati mmoja. Nikasimama katikati nawagawanya, hawa kushoto, hawa kulia. Joniel akajitokeza kutoka kwenye msongamano, mama yake akamnyooshea mkoba.

"Shika, Joniel. Twende ukatuendeshe."

"Hapana, mama."

"Unasemaje?"

"Wageni wana magari yao, nafasi yako ipo. Mimi namsubiri Nashaly amalize kazi."

Doña Migdalia akabaki mkoba umening'inia hewani. Akamgeukia bibi wa Tennessee, aliyekuwa anakunja kigoda.

"Ameniambia hapana."

"Nimesikia," bibi akasema. "Hongera."

Mama akatundika mkoba begani mwake mwenyewe, akaondoka na wageni wake, akigeuka kila hatua kumi kuhakikisha ni kweli.

Nilipomaliza kubandua utepe, Joniel alikuwa amekaa kwenye ukingo wa ua, peke yake kati ya makopo na vikombe.

"Harusi ya mwezi ujao haipo," nikamwambia.

"Sawa."

"Mpaka nijue hiyo hapana yako ni ya kila siku au ya sikukuu."

"Sawa."

"Na pete inabaki mfukoni."

"Sawa, Nashaly."

"Usiniitikie sawa, sawa. Unataka kuniogopa mimi badala ya mama yako?"

Akafikiri. Nilimwona anafikiri, kitu nilichokuwa sijakiona siku nyingi.

"Basi si sawa," akasema. "Nataka uivae."

"Sitaki."

"Haya. Nitakuuliza tena."

"Uliza. Gari umeegesha wapi?"

"Mbali kabisa."

"Kalilete. Miguu yangu imekufa."