Wageni wa Bibi Elinaza

Kila asubuhi, kabla kengele ya misheni haijalia, Anyesi alifagia majani makavu ya migomba uani, akawafungulia mbuzi, kisha akaenda na wenzake kuchota maji kwenye chemchemi iliyokuwa juu ya shamba la bibi yake. Hiyo ilikuwa miaka ya utawala wa Wajerumani, huko Nkoaranga, kwenye miteremko ya Mlima Meru. Anyesi alikuwa msichana wa Kimeru wa miaka kumi na miwili. Aliishi na bibi yake, Elinaza, ambaye alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kubatizwa pale.

Jumapili moja, Mwarusha aliyeitwa Lomayani aliingia kanisani akiwa amembeba mkewe mgongoni. Mama huyo, Namnyaki, alikuwa na kidonda kikubwa mguuni, na huko kwao, magharibi ya mlima, dawa zote zilikuwa zimeshindwa. Nyuma yao alikuja binti yao Soila, wa rika moja na Anyesi.

Mwalimu Naftali, aliyeongoza ibada, aliwatazama waumini. "Kidonda hiki kitahitaji kuoshwa na kufungwa kila siku," alisema. "Nani atawapa wageni hawa mahali pa kulala?"

Waumini wakatazamana. Watu wazima hawakuwa wamesahau jinsi vijana wa Waarusha walivyokuwa wakija na mikuki kupora ng'ombe. Ndipo Bibi Elinaza akasimama.

"Watalala kwangu," alisema, akaketi.

Anyesi aliona kama amepigwa kofi. Babu yake, mume wa Elinaza, aliuawa katika uvamizi mmojawapo. Bibi aliwezaje kuwakaribisha watu hao nyumbani?

Soila hakujua Kimeru, lakini Kiswahili alikifahamu kidogo. Alifundishwa na baba yake, aliyewahi kufanya kazi ya kujenga boma la Wajerumani kule Arusha. Kesho yake alifika chemchemini na kibuyu chake.

"Hapa Waarusha hawachoti," Anyesi alimwambia. "Babu yangu alikufa kwa mikuki ya kwenu. Nenda kachote kule chini."

Wasichana wengine wakacheka. Soila alisimama kidogo, kisha akateremka hadi mahali ng'ombe walipokuwa wakinyweshwa. Tangu siku hiyo akawa anachota huko, wala hakumwambia mtu.

Kidonda cha mama yake, kilichokuwa kimeanza kukauka, kikavimba tena. Homa ikampanda, akawa hawezi hata kuinua kichwa. Jioni moja Lomayani alianza kukunja ngozi walizolalia.

"Mama, tunashukuru," alimwambia Bibi Elinaza. "Lakini dawa ya hapa imemkataa. Kesho nitamrudisha kwetu."

"Kwa hali hii atakufia njiani, mwanangu," Bibi alijibu. Alichukua kibuyu kilichokuwa kando ya mgonjwa, akakinusa. "Maji haya mnayomwoshea kidonda yametoka wapi?"

Soila akainamisha uso. "Nilichota chini, bibi. Ni kosa langu."

Anyesi alikuwa akimenya ndizi. Alimtazama Soila, ambaye angeweza kumtaja lakini hakumtaja. Kisha akamtazama Namnyaki akitetemeka chini ya ngozi. Kisu kikamwia kizito mkononi.

"Si kosa lake," alisema kwa sauti ndogo. "Mimi ndiye niliyemfukuza chemchemini."

Alingoja fimbo. Bibi hakumchapa. Alimketisha karibu naye.

"Mjukuu wangu, baada ya kubatizwa, kila tulipoomba Baba Yetu, nilipofika pale 'kama sisi tunavyowasamehe waliotukosea', nilinyamaza. Mdomo ulikataa. Siku ile Lomayani alipoingia kanisani, nilimkazia macho nikitafuta sura ya aliyemuua babu yako. Nikaona mtu aliyechoka, amembeba mke wake. Basi."

Anyesi alilia. Kisha akampigia Soila magoti, akamwomba radhi yeye na baba yake. Lomayani alimwinua, kisha akaanza kuzikunjua tena zile ngozi.

"Kusema kweli si kazi ndogo," alisema. "Tutakaa."

Asubuhi Anyesi na Soila walikwenda chemchemini pamoja. Tabea, rafiki yake Anyesi, akawazibia njia.

"Huyu umemleta wa nini?"

"Ni mgeni wetu, na mama yake anaumwa," Anyesi alijibu. "Mpishe, Tabea."

Tabea alisitasita, akampisha.

Bibi aliyachemsha maji waliyoyaleta, na kila siku Mwalimu Naftali akaja na dawa. Pole pole homa ikashuka na kidonda kikafunga. Siku ya kuondoka, Namnyaki alitembea kwa miguu yake mwenyewe, akimshika Bibi Elinaza mkono hadi njia kuu.

Walipokuwa wakirudi nyumbani, Anyesi aliuliza, "Bibi, sasa umemsahau babu?"

"Hapana. Nitamkumbuka mpaka nizikwe. Lakini chuki yangu haikumrudisha, na yako ilikuwa karibu kumfanya Soila yatima. Kumpenda wa kwenu hata asiyesali anaweza. Kristo ametuagiza tumpende na yule tuliyefundishwa kumchukia. Tena usingoje aanze yeye. Anza wewe."