Mlango Wenye Mikwaruzo

Jioni ile nilikuwa nafunga mlango mpya. Mpya kwetu, nasema, maana niliununua mtaa wa Majengo kwa Aubin, anayeuza mbao za nyumba zilizobomolewa. Ule wa zamani ulikuwa umeoza, na wezi wa mtaani kwetu hawabishi hodi. Fortunat, mume wangu, alikuwa safarini Butembo. Alisema nimngoje seremala. Mimi na kungoja hatupatani.

Loo, kazi! Misumari ilipinda. Bawaba ya chini ilikataa katakata. Nilijigonga kidole gumba, nikautukana mlango na ukoo wake wote. Tena upande mmoja ulikuwa na mikwaruzo, kuanzia katikati kwenda chini, na komeo lilikuwa upande ule mzuri. Komeo lazima likae ndani, kwa hiyo ubaya nikauelekeza uani. Majirani waseme watakavyo.

Giza likaingia. Nikasukuma komeo.

Tak!

Liliingia mara moja, laini kabisa. Nilicheka peke yangu kwa furaha. Sasa ilibaki kumngoja mama Wivine, jirani yetu, amlete binti yangu Charline aliyekuwa akicheza kwake.

Kr... kr... kr...

Chini ya mlango. Kama kucha.

"Njo nani huko?" niliuliza.

"Mama, unifungulie." Sauti ya mtoto, ndogo, kavu. "Nataka kutoka."

Kutoka? Mtu aliye uani anatoka wapi?

"Charline, acha muchezo!"

"Nataka kutoka, mama... Nilishakubali yote."

Harufu ikapenya. Mkojo wa siku nyingi, na joto la chumba kisichofunguliwa. Nikachungulia kwenye ufa wa mbao. Taa ya mama Wivine haikuwepo. Ua haukuwepo. Kulikuwa na ukuta, karibu sana, na beseni tupu sakafuni.

Nilishika komeo kwa mikono miwili, nikaapa sifungui, hata iweje.

Ndipo nikasikia, humo humo gizani, sauti ninayoijua.

"Mama, huyu mutoto njo nani?"

Charline.

Mwanangu alikuwa upande ule.

Nilifungua. Mama gani asingefungua?

Ua ulikuwa palepale. Taa ya jirani ilikuwa ikiwaka, na mama Wivine alikuwa anarudi kwake. Charline alisimama mlangoni peke yake. Nilimvuta kifuani, nikamuuliza mwenzake yuko wapi.

"Amepita, mama. Ameingia."

Sikulala. Nilisikiliza pumzi za Charline hadi kukakucha. Za Charline... na za mwingine.

Asubuhi nilimwendea Aubin. Alinikwepa macho. Nikamkamata shati mbele ya wateja wake.

"Mulango ulitoka mutaa wa Mapendo," alinong'ona. "Mutoto wa ile nyumba balimuita mulozi, muchawi. Balimufungia mu chumba mupaka akubali. Kiisha vita ikakuja, bote bakakimbia."

"Nani alirudia kumufungulia?"

"Sijue, mama. Siye tulikuta komeo ingali imefungwa. Tukang'oa mulango na bawaba zake."

"Na mule mu chumba, papa Aubin? Mulikuta nini?"

Alianza kupanga mbao zilizokuwa zimeshapangwa.

"Kulikuwa giza, mama. Tulibeba mulango tu."